Safari ya Kutazama Jua na Maji ya Kalemng'orok

Katika darsa yetu liliwahi kuletwa suala ambalo mwanzo tulilidhania kuwa dogo. Twalileta hapa kwa sababu safari tuliyoifanya baadaye imetuonyesha kwamba halikuwa dogo, na kwamba sisi sote, waliokubali na waliokataa, tulikuwa tumelishika mahali pasipokuwa pake. Suala lenyewe ni hili: Je, yafaa Mwislamu kufunga safari yeye na ahali zake, aende mji wa mbali wa kaskazini, kwa ajili ya kuitazama ile siku ya mwezi wa Juni ambayo jua hufika mwisho wa mwendo wake upande wa kaskazini, kisha likaanza kurejea kusini?

Mmoja wa wazee wetu alikataa. Alisema kwamba siku hii walikuwa wakiitukuza watu walioabudu jua, na hata leo huko Ulaya wako wakeshao usiku kucha kuingojea. Tena, akasema, sisi watu wa pwani tuna funzo letu wenyewe. Nairuzi, yaani Siku ya Mwaka, ilikuja kwetu kutoka Uajemi ikiwa ni hesabu ya mabaharia na wakulima, iwafaayo katika kujua pepo na misimu. Kisha ikavishwa mambo ya kuoga baharini, kuchoma kibanda na kufukuza mikosi, na mpaka leo Makunduchi huadhimishwa kila mwezi wa Julai. Mtu huanza kwa kuhesabu, akasema mzee, na mwisho akatukuza.

Kijana mmoja alimjibu kwa adabu. Alisema kwamba Kurani yatukataza kulisujudia jua, wala haitukatazi kulitazama; bali yawasifu wale wanaofikiri juu ya kuumbwa kwa mbingu na ardhi na kupishana kwa usiku na mchana. Sala zetu tano zafuata jua. Wanavyuoni wetu wa kale walilipima kwa vyombo: mwaka 994 Abu Mahmud al-Khujandi, katika mji wa Rayy, alipima urefu wa jua katika siku zake mbili za mwisho, ya kaskazini na ya kusini, kwa chombo kikubwa kilichojengwa kwa kazi hiyo. Je, huyo naye tumwite mwenye kuabudu jua? Hesabu si ibada, akasema kijana, na anayeiacha hesabu kwa kuogopa ibada ya watu wengine huwaachia watu hao elimu iliyokuwa yake.

Sisi tuandikao tulielekea upande wa kijana, na mpaka leo twaona kwamba hoja yake ni sahihi. Tukanuia kwenda Lodwar na ahali zetu: mama yetu mzee, ndugu wawili na wake zao, na watoto wanne. Siku tuliyoikusudia ilikuwa Jumamosi, tarehe 21 Juni mwaka 2025.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini Lodwar? Kwa sababu Mombasa iko digrii 4 kusini ya Ikweta, na watoto wetu walikuwa hawajapata kuuvuka mstari ule. Na kwa sababu nchi ya Turkana, katika fikira za watu wengi wa pwani, bado ni nchi ya kupelekwa mtu afungwe, kama serikali ya kikoloni ilivyompeleka Jomo Kenyatta kukaa Lodwar mwaka 1959. Tulitaka watoto wetu waijue kuwa ni nchi ya watu. Nia hii ilikuwa njema, nasi twaitaja ili msomaji aone baadaye jinsi nia njema isivyomtosha mwenye nayo.

Twakiri kwamba mtu wa kaskazini ya kweli angetucheka. Katika mji wa Tromsø, nchi ya Norway, jua halizami kabisa tangu karibu na tarehe 20 Mei mpaka karibu na tarehe 22 Julai, na Waislamu wanaokaa huko hawana budi kuzikadiria nyakati za sala zao. Msingi wa kukadiria huko ni yale aliyoyajibu Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na masahaba juu ya siku itakayokuwa ndefu kama mwaka. Lakini katika Turkana ya kusini mchana mrefu kabisa wa mwaka waupita ule mfupi kabisa kwa kiasi cha robo saa tu. Siku yetu hiyo kubwa, basi, haionekani kwa urefu wa mchana. Huonekana kwa kivuli.

Njia ya kutoka Kitale kwenda Lodwar hushuka milimani, ikapita Kainuk, kisha ikafika Kalemng'orok kabla ya Lokichar. Kalemng'orok ni kituo kidogo kando ya barabara, si mbali na mto Turkwel, na kipo kiasi cha digrii 2 kaskazini ya Ikweta. Tulifika hapo kabla ya adhuhuri, tukasimama kando kidogo ya maduka, chini ya mgunga. Palikuwa na mzee wa Kiturkana amekaa juu ya ekicholong yake, kile kigoda kidogo ambacho mwanamume huchukua kila aendako, akikalie mchana na akilalie kichwa usiku. Alipomwona mama yetu anashuka garini aliinuka, akampisha penye kivuli kizuri, naye akasogea ukingoni ambapo jua lilikuwa linampata begani. Hakuna aliyemwomba kufanya hivyo.

Tukasimamisha fimbo ya mita moja katika mchanga, na watoto wakawa wanaweka kokoto kila ncha ya kivuli inapofika. Ratiba ya Mombasa tuliyokuwa nayo ilisema kwamba wakati wa adhuhuri umekwisha kuingia, lakini kivuli kilikuwa bado kinafupika. Kwa kuwa Kalemng'orok iko magharibi ya Mombasa, jua hufika katikati ya mbingu yake kiasi cha robo saa baadaye. Tukangoja. Karibu na saa 6:40 kivuli kikasimama, kisha kikaanza kurefuka. Kilikuwa na urefu wa kiasi cha sentimita 40, nacho kilielekea kusini, kwa kuwa jua lilikuwa kaskazini yetu. Tukawaonyesha watoto kwamba kibla cha hapo ni kaskazini na kulia kidogo, kiasi cha digrii 12. Tukawaambia pia kwamba karibu na tarehe 28 Mei saa 6:18 mchana, na tarehe 16 Julai saa 6:27, jua husimama juu ya Al-Kaaba yenyewe, hata kila mwenye fimbo katika Kenya aweza kukipata kibla chake bila ya kumwuliza mtu. Furaha yetu ilikuwa kubwa. Tuliona kwamba tumewafundisha watoto wasifuate ratiba ya mji mwingine kwa upofu, na kwamba kijana wa darsani ameshinda.

Kisha tukafungua maji ili tuchukue udhu. Garini tulikuwa na madumu manne ya lita 20. Tukatawadha kama tunavyotawadha nyumbani penye mfereji, kila kiungo mara tatu, mmoja akimmiminia mwenzake, na maji yakikimbia juu ya mchanga na kuzama. Wakati huo walikuwa wamekuja wasichana watatu, mkubwa wao hapati miaka kumi na miwili, kila mmoja na dumu lake tupu la manjano. Mwanzo hawakuomba. Walisimama wakayatazama maji yalivyokuwa yanazama.

Mtoto wetu mmoja, wa miaka minane, akamwuliza mama yetu: "Bibi, wale wanangoja zamu yao?"

Mama yetu alikuwa amekwisha kukunja mikono ya nguo yake na bado hajaanza. Akaishusha. Akamwuliza yule mzee kwa Kiswahili, naye akajibu kwa Kiswahili kizuri, kwamba pampu ya pale ilikuwa imeharibika, na wasichana hao walikuwa wanatoka kufukua mchanga wa laga, wakiyangoja maji yajikusanye kidogo kidogo katika shimo, na siku ile shimo lilikuwa halikutoa kitu. Mama yetu akasema: "Basi mimi nitatayamamu. Maji haya yana wenyewe."

Hapo ndipo aibu ilipotushika, na pamoja na aibu likaja shindano. Mmoja wetu alisema kwamba kutayamamu hakufai ilhali madumu matatu yamejaa garini, na kwamba huruma haiwezi kuibatilisha sharti ya sala. Mwingine akasema kwamba watoto hao wana kijiji chao na wazee wao, na kwamba Lokichar haiko mbali. Mama yetu hakujibu. Aliupiga mchanga kwa viganja vyake akapangusa uso na mikono, akasali rakaa mbili za msafiri. Nasi tukasali kwa udhu wetu. Kisha tukawajazia wasichana madumu mawili na nusu katika yale matatu yaliyobaki, tukashika njia.

Sasa twataka kulipima jambo hili kwa sharia na kwa akili, kwa kuwa machozi peke yake hayamfundishi mtu.

Kwanza, kitendo cha mama yetu. Yule aliyesema kwamba hakufai alisahau alichosomeshwa. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, na ambaye kitabu chake cha Minhaj kimesomeshwa katika misikiti ya pwani yetu vizazi kwa vizazi, ameyataja miongoni mwa mambo yanayohalalisha tayamamu kuhitajiwa kwa maji kwa kiu ya kiumbe mwenye heshima katika sharia, hata kama kiu hiyo haijafika bali yatazamiwa tu. Hakuishurutisha kuwa ni kiu ya mwenye maji, wala hakuishurutisha kuwa ni ya Mwislamu. Wanavyuoni wameingiza humo hata wanyama. Basi yawaje mtoto wa Kiturkana atoke nje ya mlango ambao punda ameingia? Mama yetu hakuiacha sharia kwa ajili ya huruma. Sisi tuliokuwa na vitabu ndio tuliokuwa tumeiacha, naye asiyekuwa nacho aliishika.

Pili, udhu wetu sisi. Imepokewa katika hadithi sahihi ya Anas kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi mmoja wa maji. Mudi ni kiasi cha kile kibaba chetu tupimiacho zaka ya Fitri, vibaba vinne kwa pishi moja, na kwa maji haufiki lita moja. Tulikuwa watu tisa. Lau wote tungalitawadha kwa kibaba, hata mtoto wa mwisho, yasingalitoka hata lita tisa. Sisi wanane tulimaliza dumu zima. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya dumu lile ilikwenda mchangani, ikawa haikuingia katika udhu wala katika koo la mtu. Tulilipima jua kwa dakika, na maji hatukuyapima kwa kibaba. Lau tungaliyapima, shindano letu lote juu ya tayamamu lisingalizuka, kwa sababu yangalitosha ya udhu na ya wasichana pia.

Tena sisi tulikuwa wasafiri. Msafiri ana ruhusa ya kuichelewesha adhuhuri aisali pamoja na alasiri, na kabla ya alasiri kutoka tungalikuwa tumefika penye mfereji. Wakati ule tuliong'ang'ania kuupata kwa fimbo ulikuwa na nafasi ya masaa. Wale wasichana hawakuwa na nafasi hiyo.

Tatu, lile neno kwamba watoto hao wana wazee wao. Neno hili huliwaza moyo wa msemaji, na lina sehemu ya kweli: maji ya Kalemng'orok si kazi ya msafiri mwenye madumu manne. Katika nchi ile mafuta yaligunduliwa karibu na Lokichar mwaka 2012, na mwaka 2013 zilitangazwa khabari za maji mengi chini ya ardhi ya Turkana. Kisha misimu mitano ya mvua ikapita bila ya mvua ya kutosha, tangu mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwisho wa 2022. Wenye kutawala wataulizwa juu ya pampu, na sisi tuna haki na wajibu wa kuwauliza. Lakini swali la pampu halijibu swali la dumu. Mwenye kiu aliyesimama mbele yako amekuwa wako kwa muda anaosimama hapo. Khabari ya mtu aliyeteremka kisimani akamchotea mbwa maji kwa kiatu chake, naye akasamehewa madhambi yake, ni mashuhuri kwetu sote, na katika khabari hiyo mtu yule hakuuliza kwanza ni mbwa wa nani.

Sasa turejee kwenye suala la darsa. Mzee wetu aliogopa kwamba kulitazama jua kutatupeleka kwenye kulitukuza. Halikututokea hilo, hapana hata mmoja wetu aliyelitukuza. Kijana alitumai kwamba kulitazama kutatuzidishia elimu, na kwa hakika kulituzidishia. Lakini hapana aliyeitazamia hatari ya tatu, nayo ndiyo iliyotufika: kwamba mtu aweza kuitazama ishara ya Mwenyezi Mungu mbinguni kwa elimu sahihi na itikadi safi, ilhali amewapa mgongo waja Wake waliosimama hatua tano nyuma yake. Hii si shirki wala si bidaa, na kwa hiyo sisi tunaojisifu kwa kuzipinga shirki na bidaa hatukuwa tumejikinga nayo. Tulikuwa tumeulinda mlango mmoja, na mwizi akaingia kwa mwingine.

Wala tusiseme kwamba yalikuwa ni makosa ya kusahau tu. Tulisahau kwa sababu tulikwenda Turkana tukiwa na kitu cha kuona, na kila kisichokuwa kitu hicho kiligeuka kuwa pambizo. Mzee aliyetupisha kivulini tulimshukuru kwa kichwa. Kabla hatujaondoka, mmoja wetu alimweleza kwamba tumetoka Mombasa kuja kuiona siku ya jua. Alicheka kidogo, akasema: "Hapa jua halina siku yake. Siku zote ni zake." Hakusema kwa kutukejeli. Lakini tulifahamu kwamba tulilolifuata kwa safari ndefu yeye alikuwa analikimbia kila asubuhi, na kwamba kivuli tulichokipima kwa sentimita kwake kilikuwa ni mali, naye alimgawia mama yetu mali hiyo bila ya kuipima.

Kwa hiyo jawabu letu kwa darsa ni hili. Safari ya kutazama jua, mwezi, mlima au bahari yafaa, na yaweza kuwa ibada kwa nia yake. Lakini tafakuri yoyote ina mtihani wake, na mtihani huo hauko mbinguni: ni vipi ametendewa aliye karibu na mtazamaji. Anayetaka kujua kama amelitazama jua kwa jicho la mwenye kuamini, na ajiulize aliyeketi juani karibu naye alipata nini kwake.

Tulirudi kwa njia ile ile baada ya siku tatu. Kokoto za watoto zilikuwa bado zipo chini ya mgunga; wasichana hatukuwaona. Maji yakimwagika hayazoleki, wala sharia haikututoza fidia kwa maji yaliyokuwa yetu. Juu ya hayo tuliona kwamba tuna deni. Tulikuwa tumechangishana Lodwar, tukamkabidhi mzee yule mbele ya wenzake fedha za kusaidia kutengeneza pampu, tukamwomba asiziite sadaka. Aliuliza ziitwe nini. Mama yetu akasema: "Ni maji yenu tuliyoyamwaga."

Na katika darsa yetu tumepatana jambo moja ambalo kila msomaji aweza kulifanya leo hii nyumbani kwake bila ya safari. Chukua kibaba, ukijaze maji, ujaribu kutawadha kwacho. Mara ya kwanza utaona ni kidogo. Sisi tumefanya hivyo kwa miezi kadha sasa, na mtoto wetu wa miaka minane ndiye aliyetutangulia sote kukizoea.

Wabillahi tawfiq.